Choo Kilichokuwa Juu ya Kisima

Mwanajuma alikaa Bagamoyo, karibu na kambi ya wapagazi. Kila asubuhi aliteka maji kisimani akapika uji wa mtama. Mumewe, Mwishehe, akishakunywa, alikwenda kuchimba mawe ya kujengea nyumba.

Masika yale watu wa mtaa walianza kuhara damu. Alikufa mume wa jirani yao, Zaina. Kisha akafa Chausiku, binti mdogo wa Mwanajuma. Matanga hayajaisha, mwanawe Msabaha naye akashikwa na tumbo.

"Mtaa huu una jini," alisema Mwishehe. "Tuhame."

Bi Dija, mwosha maiti, alikuwa bado yupo msibani.

"Shikamoo, Bi Dija," alisema Mwanajuma. "Wewe unaingia kila nyumba. Mitaa mingine hali ikoje?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi naosha wanawake, mume wangu anaosha wanaume. Mitaa ya ufukweni tumeosha wazee tu. Waliokufa kwa kuhara damu wote wametoka huku, kwenye nyumba zinazoteka maji ya kisima hiki. Fakhruddin mwenye duka yumo humu humu mtaani, lakini maji yake hutoka kisima cha msikitini. Kwake hakuna mgonjwa. Jini limemwacha kwa nini?"

Bi Dija alinyoosha kidole upande wa kisima.

"Kuna choo pale kwenye mwinuko, juu ya kisima," aliendelea Bi Dija. "Mvua ikinyesha, uchafu hupita ardhini mpaka majini."

"Choo cha nani?" aliuliza Mwishehe.

"Chako, baba."

Mwishehe aliinamisha kichwa. Alikichimba mwenyewe.

Bi Dija akamgeukia Mwanajuma. "Teka maji msikitini, uyachemshe. Mpe mtoto uji mwepesi wenye chumvi kidogo; mnyweshe kidogo kidogo, usichoke. Na nawa mikono kila ukimsafisha."

Msabaha alikonda sana, lakini alipona.

Mwishehe alifukia choo, akachimba kingine bondeni, mbali na visima. Alipokuwa akiziba kisima kwa mawe, Zaina alikuja.

"Kwa hiyo mume wangu ameuawa na choo chako?"

"Sikujua, Zaina."

"Najua hukujua," alisema Zaina, akalia. Kisha akaokota jiwe, akalitupa kisimani.

Masika yaliyofuata, hakuna aliyehara damu mtaani. Mwishehe alipita nyumba kwa nyumba akionyesha watu mahali pa kuchimba vyoo. Walipomwuliza amejuaje, hakuficha.

"Changu kiliua," aliwaambia.