Taa za Nyuma za Treni ya Laurian

Jumamosi ni siku ya soko la Kabanga. Ukizaliwa Keza hufundishwi jambo hilo, unalijua tu. Alfajiri ukungu huwa umelala juu ya vilima, mzito hata mgomba ulio mlangoni pako huuoni, na waendesha bodaboda wote husimama juu ya mteremko wakimsubiri mtu mmoja: Laurian na pikapu yake kuukuu.

Hiyo ndiyo desturi yao. Laurian hutangulia na mzigo wa ndizi, nao humfuata mmoja nyuma ya mwingine, macho yote kwenye taa zake nyekundu. Taa zikiwaka kwa nguvu, maana yake amekanyaga breki, nao hupunguza mwendo. Zikififia, wanaendelea. Hivyo hivyo mpaka chini, ukungu unapoishia. Watu wa Keza huuita msafara huo treni ya Laurian, na mwenyewe akilisikia jina hilo huvimba kichwa kidogo, lakini usimwambie.

Teddy, binti yake wa darasa la sita, alikuwa hajawahi kuiona treni hiyo kutoka nyuma. Kiti cha mbele ni cha mwenye mzigo, Mama Eustakia mfanyabiashara wa ndizi. Mama yake Teddy, Consolatha, ndiye aliyekuwa akipanda pikipiki ya Mjomba Derick kwenda kuuza maparachichi, mdogo wake Teddy, Audax, akiwa mgongoni. Sasa Jumamosi moja Audax aliamka na homa.

"Teddy, leo utaniuzia wewe," alisema Mama. "Chukua kofia yangu ngumu, uifunge vizuri."

Lo, maajabu aliyoyaona Teddy! Mbele yake kulikuwa na weupe mtupu, na katikati ya weupe huo taa mbili nyekundu zilikwenda zenyewe, kana kwamba hakuna gari. Alipogeuka nyuma, aliona taa za pikipiki zikiteremka kwa mstari, nyingine na nyingine, mpaka zilipomezwa na ukungu.

"Mjomba, wote hawa wanamfuata Baba?"

"Wote," alijibu Derick. "Mimi hapa barabara siioni. Namwona baba yako tu."

Teddy alijisikia fahari mpaka mwili ukamsisimka. Mara pikapu ikawa kubwa! Taa zilikuwa bado zimefifia, lakini bodi la nyuma lilikuwa linawajia. Derick alikanyaga breki, pikipiki ikayumba, maparachichi yakamwagika barabarani, na tairi la mbele likasimama karibu kabisa na bampa. Ndipo taa za breki zikawaka. Ziliwaka vizuri, nyekundu za kupendeza, wakati hazina kazi tena.

"Umeona?" aliuliza Derick akihema.

"Nimeona, Mjomba. Gari limepunguza mwendo kwanza, taa zimekuja baadaye."

Walipofika Kabanga, Derick alimwendea Laurian moja kwa moja. "Shemeji, taa zako za breki zinachelewa."

Laurian alicheka. "Zinachelewa, kwani zinakwenda shule? Juzi nimekanyaga, Mama Eustakia kasimama nyuma kaziona zimewaka. Wewe acha kunikaribia mno."

"Shemeji, leo nilimbeba mwanao."

"Na mwanangu yuko salama. Si ndiyo, Teddy?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Si jambo jepesi kumpinga baba yako sokoni. "Niko salama, Baba," alisema Teddy kwa sauti ndogo. Lakini siku nzima alipokuwa akipanga yale maparachichi yaliyopondeka, moyo wake haukutulia. Jumamosi ijayo Mama na Audax ndio wangekuwa nyuma ya taa zile.

Jioni walimkuta Audax amepona, anacheza na sufuria uani. Mama aliangalia kapu, akaguna. "Wiki ijayo nitakwenda mwenyewe na mwanangu huyu."

"Usiende, Mama!" Teddy alipiga kelele. Wote wakageuka. Ikabidi aseme kila kitu, jinsi pikapu ilivyokuwa kubwa ghafla na jinsi taa zilivyokuja nyuma ya wakati. Baba alikunja uso.

"Teddy, nilianza kuendesha gari kabla hujazaliwa. Taa zinawaka!"

"Zinawaka, Baba, sikatai. Naomba uje uzione mwenyewe."

"Nitazionaje na mimi niko ndani?"

Hilo Teddy alikuwa amelifikiria njia nzima. "Rudisha gari nyuma mpaka karibu na ukuta wa jiko. Umepakwa chokaa, utageuka mwekundu, na wewe utauona kwenye kioo."

Baba alimtazama Mama. Mama alisema tu, "Mtoto amekuomba vizuri."

Baba akarudisha gari nyuma, akaweka gia huru, akakanyaga breki. Ukuta ukawa mwekundu papo hapo. "Haya! Nilisemaje?"

"Umekanyaga haraka, Baba. Kanyaga polepole, kama unavyokanyaga mteremkoni."

Baba alikanyaga polepole. Ukuta mweupe. Akaongeza. Mweupe. Akaongeza tena mpaka mguu wake ukahisi breki zimeshika sawasawa, na ukuta bado mweupe. Ndipo wekundu ukaja. Aliachia, akarudia, akaachia, akarudia. Hakuna aliyecheka.

"Yesu na Maria," alisema Baba. "Na watu wote wale."

Alishuka, akainama chini ya usukani na kumulika kwa tochi ya simu. "Njoo uone, Teddy. Ile ni swichi ya taa za breki, na kile ni kijiti chake. Nisipokanyaga, pedali inakikandamiza, taa zinazimika. Nikikanyaga, pedali inakiachia, kijiti kinachomoza, taa zinawaka. Sasa tazama kilicho katikati."

Kilikuwa kipande kinene cha ndala ya bluu.

"Kumbe!" Mama aliruka. "Ndala yangu hiyo! Niliitafuta mpaka nikamsingizia mbwa!"

Baba alikuna kichwa. Alieleza kwamba awali hapo palikuwa na kidude kigumu cha plastiki, kikavunjika, na kijiti kikakosa cha kukikandamiza. Taa zikawaka mfululizo mpaka betri ikaisha. Yeye akakata ndala, akabandika kwa gundi ya pancha, taa zikazima, akafurahi. "Sikujua kwamba sponji ya ndala inavimba," alisema. "Pedali inaondoka, sponji inatanuka na kuendelea kukibana kijiti. Kazi hii nimeiharibu mwenyewe."

Wiki hiyo pikapu haikubeba mzigo mpaka Baba alipokwenda Ngara mjini kuleta kidude halisi. Teddy alikiweka kiganjani, akashangaa. Kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati lake la shule! Walikipachika pamoja. Baba alilegeza nati ya swichi kwa spana, akaisogeza kidogo, akaikaza, huku Teddy akiutazama ukuta. Walirudia mpaka pedali ilipoguswa tu, ukuta ukawa mwekundu.

Jumamosi, kabla ya kushuka, Laurian aliwakusanya waendesha bodaboda. "Derick aliniambia ukweli, nikamcheka. Shemeji, nisamehe. Taa zimetengenezwa. Consolatha, leo nitamwomba Mama Eustakia akuachie kiti cha mbele."

"Kwa nini?" alisema Mama akimfunga Audax mgongoni vizuri. "Mimi nakaa pale pale, nyuma yako."

Teddy alibaki juu ya mteremko. Treni iliondoka, ikazama katika ukungu. Kwenye kona ya kwanza taa nyekundu ziliwaka, na papo hapo taa za pikipiki zote zikapunguza mwendo, moja baada ya nyingine, kama watu wanaopiga goti kanisani. Teddy alisahau hata baridi.

Jioni Baba alikaa kando yake. "Hebu nieleze. Taa zangu zilionekanaje?"

"Hujawahi kuziona, Baba?"

"Nitazionea wapi? Miaka yote nimekuwa mbele."

Teddy akamweleza. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Taa za mbele ni zangu, zikiharibika nitajua mwenyewe. Za nyuma ni za wenzangu, na wao ndio wanaojua kama zinafaa. Kwa hiyo mwanangu, mtu aliye nyuma yako akikuambia jambo, usimcheke. Simamisha gari, ushuke, ukaangalie."