Mshumaa wa Kumi na Nane

Nilisimama. Na dada yangu naye akasimama.

Ukumbi mzima wa kanisa, hapa Vallejo, Marekani, ukatugeukia...

Jamani, sisi Wafilipino binti akitimiza miaka kumi na nane, wanawake kumi na wanane humwashia mishumaa. Wa mwisho ni wa mama. Na MC alikuwa ametangaza, "Sasa, mama mzazi wa Maricar."

Ndiyo maana nilisimama. Maricar nimemzaa mimi.

Dada Nenita, nesi, alikuwa Marekani na hakujaliwa mtoto. Kwenye cheti cha kuzaliwa tukaandika jina lake kama mama, ili mtoto apate uraia, naye akamchukua angali mchanga. Mimi nikaja baadaye kwa viza ya matembezi, ikaisha, nikajibanza nyumbani kwake. Nampikia binti yangu, namfulia, naye ananiita mama mdogo. Hilo neno "mdogo" limenichoma miaka kumi na mitano.

Dada aliniahidi: "Perlita, vumilia. Mshumaa wa mwisho utakuwa wako. Siku hiyo tutamwambia."

Sasa ananinong'oneza: "Kaa chini. Usituaibishe."

Meza ya nyuma mtu akacheka. "Yaya kalewa huyo."

Maricar akanipita, amevaa gauni nililolishona kwa mikono yangu, akampelekea Nenita mshumaa.

Nikamfuata dada jikoni.

"Nyoka wewe! Umeniibia mwanangu!"

Akatoa kwenye pochi orodha ya mishumaa. Namba kumi na nane, kwa mwandiko wake: Perlita.

Jina limekatwa. Juu yake mtu kaandika Nenita, na ile "i" ina kiduara badala ya nukta...

Mwandiko huo nilimfundisha mimi.

Nikageuka. Maricar alikuwa mlangoni.

"Kumbe unajua?"

"Tangu nina miaka kumi na miwili. Niliwasikia mkigombana."

"Na ukanyamaza?"

"Marafiki zangu wote wanajua wewe ni mfanyakazi wetu. Leo niwaambie nini?"

Nikamrudishia dada orodha yake.

"Mama mdogo, watu wanasubiri keki." Akanionyesha sahani kwa kusukuma midomo mbele, vile tunavyoonyesha vitu kwetu Batangas, Ufilipino. Batangas yenyewe haikumbuki. Kaipata kwangu.

Nikabeba sahani.

Wewe unayesoma, azimisha nguo, azimisha sufuria. Jina la mama usiliazimishe, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Siku utakayolidai, atakayekunyima ni mwanao mwenyewe.