Kioo Kisicho na Mwaka

Ya kwanza kugundua kasoro ilikuwa penseli. Mama Gundi aligusisha ncha yake kwenye kioo, kama anavyofanya kwa kila kioo kikuukuu kinacholetwa dukani, apime nafasi iliyopo kati ya ncha na taswira yake. Nafasi ikiwa ndogo, kioo ni chembamba. Hiki, ukikitazama pembeni, kilikuwa chembamba kama ukucha, lakini ile penseli ya ndani ilisimama mbali na ya nje, vidole vinne vizima.

"Labda nimechoka," alimwambia mumewe.

"Umechoka," mumewe alikubali bila kugeuka. Alikuwa ameshaiinamia picha.

Kilikuwa kioo kirefu cha ukutani. Nusu ya chini ndiyo ya kujitazamia, na nusu ya juu ilikuwa picha iliyochapwa, maua pembezoni, na katikati msichana anayechana nywele, amewapa watazamaji mgongo. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alikirithi kwa mama yake mkubwa, akataka kujua umri wake kabla hajakiuza. Hiyo ndiyo kazi ya mke na mume hawa. Mume, aliyeitwa Darubini mtaa mzima kwa ile lenzi inayoning'inia shingoni mwake kutwa, husoma upande wa mbele. Mke husoma mgongo: misumari, mbao, gundi. Kila mmoja huandika umri kwenye karatasi yake bila kumchungulia mwenzake, kisha hufunua pamoja. Kwa miaka kumi na tisa hawajawahi kupishana zaidi ya miaka kumi, na Mama Gundi, ambaye hakuna aliyewahi kumsifu kwa sura, aliona hiyo ndiyo ndoa yenyewe.

Siku ile yeye aliandika: kama miaka mia. Karatasi ya Darubini ilisema: ishirini na miwili, haizidi.

"Kioo hiki?"

"Kioo gani? Mimi nimemwandika yeye," alisema Darubini, akimwonyesha msichana kwa kidevu.

Mama Gundi akacheka. Mwenzake hakucheka.

Kuanzia hapo Darubini akawa anawahi dukani na shati la kutokea. Chakula cha mchana alikila ameielekea picha. Duka likaanza kunuka mafuta ya waridi na nywele mbichi, na siku ya nne Mama Gundi alitoa kwenye kola ya mumewe unywele mrefu, laini, uliolowa. Wivu ukampanda. Mwanamke wa mtaani ukimwonea wivu unajua mlango wa kwenda kugonga. Ukiionea wivu karatasi, utamweleza nani?

Mumewe alipotoka kunawa mikono aliiacha lenzi mezani, Mama Gundi akaichukua. Picha ya kuchapwa, ukiikuza, huvunjika ikawa vitone vya wino. Akaisogeza lenzi kwenye shingo ya msichana akitafuta vitone, na hakukuwa na hata kimoja, kulikuwa na ngozi, yenye vinyweleo, na vinyweleo vilisimama pumzi yake ilipovifikia, na pale kilipokuwa kisogo tangu kioo kifike sasa palikuwa na sikio na ncha ya shavu, na ndani ya duka lile tupu, mchana kweupe, alisikia chanuo likipita polepole kwenye nywele zilizolowa.

Alimwendea shangazi wa mumewe, ambaye majini alishazungumza nayo mengi. Shangazi alikuja, akanusa mlangoni, akamvuta uani.

"Jini huyo," alinong'ona. "Hana umri, na ndicho kinachomuuma. Anakuonea wivu."

"Mimi, shangazi? Nina nini mimi?"

"Miaka kumi na tisa na mtoto wetu. Yeye hana hata mmoja. Mtafutie umri wake, umtajie mara moja usoni, atazeeka atoke. Ila ukishataja, simama pembeni, ukigeuze kioo kitazame ukuta mpaka kesho. Asijitazame mtu humo. Akitoka pichani atatafuta sura ya kuvaa."

Mama Gundi aling'oa misumari mmoja mmoja. Kati ya ubao na picha alikuta mwandiko wa penseli, wa fundi aliyeifunga, pamoja na tarehe. Akakisimamisha kioo, akakaa pembeni, akasema kwa sauti ndogo:

"Una miaka mia moja na mitatu."

Chanuo likasimama. Msichana akageuka mzima mzima, na uso ulipotimia ulikuwa tayari unaporomoka, madoa ya kutu yakamwota mashavuni, karatasi ikakunjamana kumzunguka macho, nywele zikawa nyeupe kisha zikawa hazipo, na harufu ya waridi ikageuka ya maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika, mpaka pakabaki bibi kizee wa wino aliyefumba macho.

Mkono wa Mama Gundi ulikuwa kwenye fremu. Ilibaki kugeuza tu. Lakini siku zote zile alizokula peke yake zilimjia, akataka mumewe aone. Alitaka sana.

"Njoo," alimwita. "Njoo umwone msichana wako."

Darubini akaja. Naye akajisogeza bega kwa bega na mumewe, akainua kidole kumwonyesha kila kunyanzi. Darubini aliitazama picha, akasisimka, akashusha macho kwenye kioo. Uso wake ukafunguka.

"Mwali wangu," alisema.

Jina hilo alimwita mkewe mwaka wa kwanza wa ndoa tu. Mama Gundi alifurahi mpaka alipoona mumewe anatazama wapi. Ndani ya kioo, pembeni ya Darubini, alisimama yeye mwenyewe, yeye wa miaka ishirini na miwili, nywele zimelowa mabegani, anatabasamu wakati yeye hatabasamu.

"Niko hapa," alisema, akimshika mumewe mkono wa shati. "Nitazame mimi. Niko hapa."

Darubini aliuondoa mkono wa mkewe kwa upole, kwa adabu anayowapa wateja wasiomhusu.

"Samahani, mama," alisema. "Ngoja kidogo. Naongea na mke wangu."