Nzi Kumi na Wawili

Shemeji yangu Gadiel alikuwa na kazi ambayo ukiwaeleza watu wa nyumbani wanadhani unawatania. Alikuwa anafunga nzi. Si kwa kamba, hapana. Anachukua ndoana ndogo kama kucha ya mtoto, anaibana kwenye jiliwa, anaizungushia manyoya na uzi mpaka inafanana na mdudu aliyeangukia majini. Wazungu wananunua, wanapanda nao milimani kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi. Halafu wakishamvua huyo samaki, wanampiga picha, wanamrudisha mtoni! Hapo ndipo mimi Yeremia nilikuwa nachoka kabisa. "Shemeji," nilikuwa namwambia, "huko ni kusumbua samaki wa watu tu." Yeye anacheka, anaendelea kuzungusha uzi.

Alikuwa Mpare wa Same, kazi hiyo alijifunza Kenya, akaja nayo Durban. Na alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa hiyo uzi wake ulizunguka kinyume na wa mafundi wengine wote.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tatu mwaka jana. Joto la Durban mnalijua, feni inazunguka na jasho linatoka vilevile. Gadiel amekaa mezani kwenye fleti yetu pale Greyville. Dada yangu Bupe, mkewe, amejilaza kwenye kochi na tumbo la miezi minane na ushee, anatafuta wa kugombana naye. Jumamosi tulikuwa na safari: mteja mmoja, daktari mstaafu kutoka Joburg, anataka kushuka Mto Mzimkhulu kwa boti ya mpira kutwa nzima akivua. Gadiel ampigie makasia. Mimi nifuate nyuma na boti ya mizigo, yenye masufuria, barafu, viti na chakula. Tulishaifanya kazi hiyo mara nyingi.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani, maji yana udongo, mzee akataka nzi weusi. Na manyoya meusi ya sungura yalikuwa yamekwisha.

"Teremka kwa Marie-Jeanne," Gadiel akaniambia. "Muombe mabaki ya nywele. Ila usiniletee plastiki, shemeji. Plastiki haichezi majini."

Marie-Jeanne ni mama wa Kikongo, ana saluni chini ya jengo letu. Nilimkuta mikono yote miwili imo kichwani mwa mtu, simu kaibana begani. Akanionyesha kwa kidevu. "Nyuma ya mlango iko sashi mbili. Beba ya mukono ya kushoto."

Nikaushika mfuko wa kushoto. Rasta za dukani, plastiki tupu. Nikafungua mfuko wa kulia. Mlikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe kilichofungwa kwa uzi mweupe, mafundo matatu. Ndani yake nywele za mtu, laini, nyeusi tii. Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa liko hapa na sitalipaka sukari. Nilijua. Sikujua yote, lakini hata kwetu Tukuyu mtoto mdogo anajua kwamba kitu kilichofungwa kitambaa cheupe si takataka. Kuuliza si ujinga, na sikuuliza. Mpira ulikuwa unaanza kwenye TV na mimi nilikuwa na haraka zangu. Nikazichota nywele zote, kitambaa nikakirudisha mfukoni, nikapanda ngazi.

Gadiel alizisugua kati ya vidole. "Hizi safi sana. Za nani?"

"Za saluni," nikasema.

Akafunga nzi kumi na wawili, wote weusi, kila mmoja akammalizia kichwani kwa uzi mwekundu. Akamwonyesha Bupe jinsi uzi ulivyozunguka kinyume. "Hata nikifa, mke wangu, kazi yangu utaijua kati ya elfu." Bupe akamtupia mto. "Koma na maneno yako ya kufa!" Kisha akamvuta mumewe karibu, akamchezea baka la nywele nyeupe ambalo Gadiel alizaliwa nalo juu ya sikio la kushoto. Alilipenda sana baka lile.

Ijumaa jioni tunapakia gari, Bupe akanishika shati. "Yeremia, nirudishie mume wangu. Siku zangu zimekaribia, sitaki kuzaa na majirani."

"Dada, tunakwenda mtoni, hatuendi vitani."

"Niahidi."

Nikamwahidi.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulishusha boti majini, huko juu upande wa Underberg. Ukungu ulikuwa unapanda mabondeni na baridi inauma masikio. Tulikuwa watu watatu, wala hakukuwa na gari lingine pale. Gadiel alifungua kasha la nzi mbele ya mzee, akahesabu kumi na wawili. Mmoja akamfunga kwenye mshipi. Kumi na mmoja waliobaki akawarudisha kwenye kasha, kasha akalitia mfuko wa kifuani wa jaketi lake la kuelea, akavuta zipu. Lilikuwa jaketi jekundu, kama langu na la mzee. Jina la Gadiel lilimshinda yule mzee tangu zamani, alikuwa anamwita Gary. Shemeji hakujali. Mimi nilimtania njia nzima.

Boti yao ikatangulia. Mzee yuko mbele, anarusha mshipi. Gadiel katikati na makasia, anatazama mbele kama ilivyo kawaida ya boti zile. Mimi nyuma yao, labda hatua mia moja.

Mrusho wa kwanza, samaki. Wa pili, samaki. Eish! Nilishangilia peke yangu kama mjinga. Kwa kawaida trauti ni mjeuri, anaruka, anakata mshipi, anamtukanisha mtu. Hawa walikuja wamelala. Mzee anawainua, anawarudisha majini, nao hawaogelei. Wanabaki juu ya maji, wanateremka polepole kuelekea kwangu, au niseme mimi ndiye niliyekuwa nawafikia. Mmoja alipita ubavuni mwa boti yangu. Mashavu yalikuwa yanapumua. Jicho zima. Mdomo wazi, na ndani ya mdomo unywele mmoja mweusi.

Nilijiambia ni wa ile ndoana. Nikapiga kasia.

Kwenye kona ya pili, mahali mto unapokaribia barabara, simu yangu ikalia ndani ya mfuko wa nailoni. Mtandao ulikuwa umerudi. Ujumbe wa sauti wa Marie-Jeanne, ametuma usiku. Nikauweka sikioni. Alikuwa ananong'ona.

"Yeremia, ulibeba sashi gani? Ile ya kuume iko ya Antoinette, nywele yake ya kilio. Nilimunyoa juu ya kifo ya bwana yake, Gustave, ule wa bandari. Leo kaka ya Antoinette amekuja kuichukua aende kuitupa ku mto, amekuta kitambaa bure. Yeremia, ile nywele ina machozi yake. Gustave anaifwata. Yee mwenye kuibeba kuipeleka ku maji asiangalie nyuma mpaka afike kwake. Na mutu asimwite jina. Akiitwa jina, akageuka, Gustave hataenda peke yake. Unanisikia? Musimwite jina."

Nilisikiliza mara mbili. Nikainua macho nitazame boti ya mbele.

Walikuwa watatu.

Nyuma ya Gadiel, kwenye kiti cha nyuma ambacho hakuna aliyekikalia, kulikuwa na mtu amenipa mgongo. Mtu mpana wa mabega. Nikataka kujidanganya kwamba naona jaketi la kuelea. Halikuwa jekundu. Ilikuwa fulana ya njano yenye mistari ya fedha, zile wanazovaa madereva wa malori bandarini. Jua likaupiga mstari mmoja, ukang'aa.

Gustave nilimfahamu kwa kumwona tu. Fulana yake hiyo alikuwa anatoka nayo kazini hadi kanisani.

Nikapiga makasia. Nilipiga kwa mgongo, kwa miguu, kwa meno. Maji yananikimbiza, kingo za mto zinapita, na hatua mia moja zimebaki mia moja. Nikiongeza, mia moja. Nikichoka, mia moja. Na wao wala hawaharakishi.

"Shemeji!" nikapiga kelele. Shemeji si jina. Nilifikiri hivyo, na niliona nina akili. "Shemejiii! Simama! Egesha boti!"

Gadiel akainua mkono wa kushoto, kama kawaida yake, kunionyesha kwamba amesikia. Hakugeuka. Nikamshukuru Mungu. Nikapiga mluzi. Nikapiga sufuria kwa mwiko. Mzee anavua tu. Samaki wanapita pembeni yangu, midomo wazi.

Nikaanza kuomba. Asigeuke tu. Tufike darajani tunakopandisha boti, tupande gari, tushuke Durban, afike mlangoni kwake, Bupe amfungulie. Saa chache tu. Asigeuke tu.

Ndipo nikauona mti.

Ulikuwa mwerebi mkubwa, umeng'olewa na mvua, umelala toka ng'ambo hadi katikati ya mto, matawi yamezama. Boti ikinaswa pale, maji yanaipindua na kuikandamiza chini ya matawi. Kila mpiga kasia anaujua mtego huo. Gadiel ndiye aliyenifundisha. Nikangoja avute kasia la kulia.

Hakuvuta. Kichwa chake kilikuwa kimeinama. Makasia yananing'inia. Yule wa nyuma alikuwa ameweka mkono begani kwake, taratibu tu, kama mtu anayemwamsha mwenzake kwenye basi.

Hatua thelathini wafike mtini. Ishirini.

"Shemeji!"

Kumi.

Mungu anisamehe. Niliona mti tu. Nilimwona mume wa dada yangu anazama. Jina likanitoka lenyewe, kwa sauti yote niliyopewa.

"Gadiel!"

Akageuka.

Aligeuka mwili mzima, akanitazama. Hakuwa na hofu. Ningeona hofu ningepata ahueni leo. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa anangoja kuitwa. "Naam, shemeji," akasema. Alisema kwa sauti ya chini, toka hatua mia moja, na mimi nikamsikia kama yuko sikioni.

Boti ikapita chini ya matawi. Matawi hayakutikisika. Ilipotokea upande wa pili, ilikuwa na mzee peke yake.

Hapo ndipo boti yangu ilipokubali kwenda. Nilifika mtini kwa kufumba na kufumbua, nikaruka majini. Maji yalinifika magotini. Magotini! Nilitambaa chini ya matawi yale nikapapasa kila jiwe. Jaketi nililiona limekaa juu ya tawi, kavu, vifungo vyote vitatu vimefungwa, kana kwamba aliyelivaa ametoka bila kuvifungua.

Mzee hakuwa na mkwaruzo. Mshipi wake ulikuwa umekatika, yule nzi hayupo. "Gary alisema anashuka," aliwaambia polisi. "Alisema amekuja mtu kumpokea." Wakamuuliza mtu gani. Akashangaa. "Si yule mfanyakazi wao mwingine, mwenye fulana ya njano? Tulikuwa naye tangu asubuhi."

Wazamiaji walitafuta siku saba mahali ambapo hata mtoto angesimama bila kulowa kiuno. Hawakupata kitu.

Bupe alijifungua Jumatano, na majirani. Mtoto wa kiume, ana baka jeupe juu ya sikio la kushoto. Dada hajanilaumu hata neno moja. Ananitengea chakula, ananiangalia ninavyokula. Sijamwambia habari ya nywele. Marie-Jeanne anajua, na sasa mmejua ninyi. Mara ngapi nimefungua mdomo, nikameza! Nitaanzia wapi? Nimwambie mumewe aliuzwa kwa dakika tisini za mpira?

Mwaka mzima Bupe alikataa kuomboleza. Alisema bila mwili hakuna msiba. Wiki iliyopita akachoka. Wanawake wa jumuiya wakaja, wakamkalisha katikati, Marie-Jeanne akamnyoa. Nywele zikafungwa kitambaa cheupe, uzi mweupe, mafundo matatu. Marie-Jeanne hakunitazama usoni hata mara moja.

Mzigo ule sharti ubebwe na ndugu wa kiume wa mjane. Durban hii Bupe ana ndugu wa kiume mmoja.

Kesho ndiyo siku yenyewe. Nimejiambia nitatazama mbele, nitatupa, nitatembea. Hakuna atakayeniita, nimewakataza wote. Lakini leo mchana nililitoa lile jaketi kabatini, lilivyorudishwa na polisi, zipu haijaguswa. Nikafungua mfuko wa kifuani, nikatoa kasha, nikahesabu.

Walipaswa kuwa kumi na mmoja. Nimehesabu mara nne. Ni kumi na wawili.

Kumi na mmoja ni weusi, wamekauka, wana vumbi. Wa kumi na wawili amelowa maji. Kichwani ana uzi mwekundu, umezungushwa kinyume. Nywele zake ni fupi, ngumu, na ni nyeupe.