Pengo Lisilokuwa Kwenye Orodha

Mtaani walimwita Jenerali, na jina lilimkaa vizuri kwa sababu jeshi alikuwa nalo kweli, ila lilitosha kwenye boksi la viatu. Ni mke wa binamu yangu, kwa hiyo haya sikuyaokota njiani. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi askari wadogo wa urefu wa kidole gumba, wale ambao watu wazima na akili zao hukusanyika Jumamosi kuwapanga mezani na kupigana vita kwa kurusha dadu. Chekeni mkitaka. Mumewe naye alicheka, mpaka siku alipojaribu kumpaka askari mmoja jicho, akamfunika na pua.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Alimnyonyesha mwanawe wa miezi minne, akamkabidhi kwa mama mkwe, akasema saa sita atakuwa amerudi. Mtoto huyo alikuwa hataki chupa. Walishamjaribu kwa chupa za kila umbo, zote akazitema na kuangua kilio mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kwa hiyo saa sita ilikuwa saa sita, haina mjadala.

Kazi ilikuwa nyumbani kwa mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu. Kwenye chumba cha nyuma palikuwa na meza kubwa kama kitanda cha watu wawili, na juu yake mji mzima: nyumba thelathini, vichochoro, kisima, na ukuta wa mawe uliouzunguka wote. Mzee alimpa orodha iliyoandikwa kwa mwandiko ulionyooka kama rula. Askari kumi na wawili wa ukutani wapakwe upya. Vumbi lifutwe juu ya mapaa. Miti iliyopukutika ivishwe majani.

"Nipo sebuleni, fundi," alisema. "Ukihitaji kitu, niite."

Akarudi kwenye redio yake.

Jenerali alipoinama kuukagua mji, kuna jambo lilimkaa vibaya. Askari wa ukutani walikuwa wamegundishwa wakitazama ndani. Adui kwa kawaida anatoka nje, lakini hawa walimpa mgongo na mikuki yao wakaielekeza kwenye nyumba. Na kwenye nyumba zenyewe hapakuwa na mtu hata mmoja. "Huyu mzee aliwagundisha ana homa," akajisemea, akawapaka palepale walipo. Macho aliyaacha mwisho, kwa brashi yenye unywele mmoja na nusu, amebana pumzi. Wa tano jicho la kushoto lilimwendea kando, akatoka na makengeza. Akamwambia atamrekebisha likikauka.

Saa tano na robo orodha yote ilikuwa imekwisha. Akaanza kukusanya vitu vyake, na hapo ndipo alipoliona pengo.

Lilikuwa nyuma ya nyumba ya mwisho, upana wa kidole kidogo, limefichwa na kichaka. Jiwe moja halikuwepo. Sasa, wewe kama si fundi hutaelewa. Mtu wa kazi zile hawezi kuona kasoro akapita, mkono unamwasha. Jenerali aliwahi kumshonea kifungo mtu asiyemjua wakiwa kwenye foleni ya benki! Akakoroga jasi kwa maji yake ya mwisho, na kwa kuwa alikuwa anawahi kunyonyesha, akatia chumvi kidogo. Ni ujanja wa mafundi, chumvi inaifanya jasi igande upesi. Akaliziba pengo, akalilainisha kwa kidole gumba, akapaka rangi ya mawe. Ungelitafuta usingelipata. Akaridhika, maskini.

Redio ikanyamaza.

Akabeba mkoba, akafungua mlango, akapita kwenye korido. Akafungua mlango wa sebule. Mbele yake palikuwa na meza, na mji, na aproni yake aliyoisahau juu ya kiti.

Akacheka kidogo, kama mtu aliyekosea choo. Akarudi. Korido. Mlango. Meza. Safari ya tatu alikimbia, na mkoba akautupa njiani. Alipofungua, mkoba ulikuwa kwenye kiti, juu ya aproni.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu. Mshale wa sekunde ulikuwa unazunguka, lakini ile mingine haikusogea. Mwili wake ulisema vingine kabisa. Matiti yalikuwa yamejaa na kuuma, blauzi imelowa kifuani. Saa sita ilikuwa imepita. Mwanawe alikuwa na njaa, na hakuna chupa ambayo angeikubali.

Akakimbilia dirishani. Asubuhi alipoingia aliona kamba ya nguo ya jirani, na mashuka. Sasa aliona ukuta. Ukuta wa mawe, karibu kiasi cha kuugusa. Kwenye jiwe moja palikuwa na alama za kidole gumba, mistari mipana kama mifereji.

Akainua macho taratibu.

Juu ya ukuta palikuwa na uso, mkubwa kuliko nyumba. Ulikuwa unamtazama. Jicho la kushoto lilikuwa na makengeza.

Akafunga pazia. Nyuma yake kitu kilikwaruza, akageuka. Milango ya zile nyumba thelathini za mezani ilikuwa ya kuchongwa tu, vibao vilivyobandikwa ukutani, aliifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe. Yote ilikuwa wazi. Ndani giza.

Akaurudia mlango wa chumba. Safari hii haukufunguka kabisa. Akaupiga kwa ngumi.

"Mzee! Nifungulie!"

Mnong'ono ukatoka upande wa pili, chini kabisa, kama mtu aliyelala sakafuni.

"Shusha sauti, binti. Umeziba?"

"Nimeziba nini?"

"Pale nyuma. Umeziba?"

"Nimeziba," akanong'ona. "Mbona hukuandika nisiguse?"

"Mafundi watatu niliwaandikia wasiguse. Wote waligusa."

"Wako wapi?"

"Zibua," alisema. "Pale ndipo wanapopitia wenye zile nyumba. Wakikosa njia, na wewe umekosa. Zibua kabla hawajatoka wote."

Akatoa kisu cha kazi mkobani, akarudi mezani, akaanza kukwangua. Jasi ilikuwa jiwe. Chumvi ilifanya kazi yake barabara. Alikwangua mpaka kisu kikakatika, akabaki na kipande.

"Nipe maji," alimwambia mzee. "Yapitishe chini ya mlango. Nikiilowesha italegea."

Alisikia jagi likimiminwa. Alisikia maji yakitawanyika sakafuni, hapo hapo, upande wa pili wa ubao. Akapapasa chini ya mlango. Pakavu. Mzee akamimina tena. Pakavu.

Jenerali alikaa chini akalia. Alimlilia mwanawe, anasema mwenyewe, hakujililia. Alimwona akigeuza kichwa huku na huku kutafuta titi ambalo halipo. Na alivyomfikiria, maziwa yakashuka yenyewe, yakamwagika tumboni mpaka kwenye mapaja.

Akayatazama. Akanyanyuka. Akafungua vifungo vya blauzi, akainama juu ya meza.

Akakamua.

Maziwa yalidondoka kwenye jasi. Yakanywewa. Akakwangua kwa kipande cha kisu, unga mweupe ukatoka. Akakamua tena. Akakwangua kwa kucha. Kucha moja ikang'oka, hakuisikia. Nusu ya pengo ikafunguka. Akaingiza kidole kuchokoa kilichobaki.

Kitu kikamlamba.

Kilikuwa kidogo na cha moto. Kikalamba tena. Akatamani kuutoa mkono wake, hata kuukata. Lakini pengo lilikuwa nusu tu, na mtoto alikuwa na njaa. Akakamua. Sasa walikuwa wengi, aliwahisi kwenye ncha ya kidole wakisukumana. Akafumba macho akaendelea. Akakamua mpaka matiti yote mawili yakawa makavu, na kipande cha mwisho cha jasi kikang'oka, na upepo ukapita.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Mzee alikuwa amesimama na jagi tupu, miguu imelowa. Hakumtazama usoni. Alitazama blauzi iliyokuwa wazi.

"Umewapa nini?" akanong'ona. "Binti, umewapa nini?"

Hakungoja. Alikimbia vile vile, blauzi ameikusanya mkononi, watu wanageuka kumtazama barabarani. Alifika nyumbani saa saba kasoro, akasikiliza mlangoni. Hakusikia kilio.

Mama mkwe alikuwa anakunja nepi. Akainua kichwa.

"Umesahau nini tena, mwanangu?"

"Mama, samahani, nimechelewa. Mtoto yuko wapi? Amelia sana?"

"Umechelewa wapi? Si umetoka hapa sasa hivi?" Mama mkwe akaacha nepi. "Umekuja saa sita na kitu, umemnyonyesha pale kitandani. Nimekusemesha hukunijibu. Nikasema ngoja nikuache, umechoka."

Jenerali akashika ukuta. "Alinyonya?"

"Eh! Kama hajawahi kunyonya. Wala hakulia."

Mtoto alikuwa amelala chali, tumbo limejaa, uso umetulia. Pembeni ya mdomo palikuwa na tone la maziwa. Mama yake akalifuta kwa kidole. Halikufutika. Lilikuwa gumu. Akalibandua kwa ukucha, likatoka kama gamba la rangi, na chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, ukubwa wa punje ya mchele.

Mtoto huyo sasa yuko sekondari, kijana mrefu, mpole, kila mtu anampenda. Madaktari wameliangalia lile doa, wakaandika dawa, wakaacha. Mama yake hakurudi tena kwenye kazi ya askari, lakini rangi za kahawia alizihifadhi, na kwa miaka amezichanganya na kumjaribishia. Mtu aliyewahi kutengeneza rangi ya kila ngozi duniani, na ngozi ya mwanawe imemshinda. Hakuna rangi iliyowahi kushika pale. Mwaka jana kijana alinikubalia niliguse. Nilidhani litakuwa kavu kama kovu.

Ni bichi. Kidole changu kilitoka cheupe.