Kipanyapete cha Mzee Ambakisye

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla ya kupambazuka. Bibi Tusekile aliliepua, kisha akachukua kipanyapete kwenye kisahani cha kuchajia na kukivaa kidoleni mwake. Asubuhi za Julai mjini Mbeya hugandisha hata vijiko, naye hakutaka chuma baridi kimguse mumewe. Alikivaa huku akikoroga uji, mpaka kikapata joto la mwili.

Kipanyapete kilikuwa kipanya cha kompyuta kisicho na waya, chembamba kama pete. Mvaaji akisogeza kidole hata kwa unene wa unywele, mshale ulitembea kwenye kiwambo cha ukutani, ukachagua herufi, na spika ikayasoma maneno. Mzee Ambakisye, ambaye kiharusi kilimwachia mwili usiotii na kumnyang'anya sauti, alikuwa akiongea hivyo tangu Januari. Asubuhi hiyo, kama kawaida, Bibi alimvisha kifaa hicho, akauinua mkono wake kwa kiganja chake, na maneno yakatokea ukutani: UMEVAA SWETA?

Saa nne gari lisilo na dereva lilimshusha Lugano, binti fundi aliyekifunga kifaa hicho. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Mzee, akasugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumshika. Bibi aliliona jambo hilo, akalipenda.

Lugano alieleza kwamba vipanyapete vya hospitali ni vichache na foleni ni ndefu. Baada ya miezi sita lazima ihakikishwe kuwa mgonjwa bado anakiendesha mwenyewe. Asipoweza, kinapelekwa kwa mwingine. Bibi alitabasamu. Akasema huyu bado ana nguvu, leo tu amemgombeza kwa kukosa sweta.

Fundi alifungua kumbukumbu za kifaa. Siku ya kwanza Mzee alikunja kidole mara arobaini, ili kifaa kijue mtetemo wa misuli yake na kumtii yeye tu. Lakini kwa kuwa mikono ya wagonjwa hubadilika, kiliundwa kiendelee kujifunza kila kinapovaliwa. Alipoona mtetemo wa sasa haufanani na wa siku ya kwanza, Lugano akauliza kama kuna mtu mwingine anayekivaa. Bibi akamweleza habari za baridi na uji, bila wasiwasi wowote.

Binti akamwomba auweke mkono wa Mzee juu ya mto na kusogea kando.

Mshale ulisimama. Walisubiri mpaka uji uliopashwa tena ukafanya utando bakulini. Alipoambiwa aushike mkono tena, Bibi aliweka kiganja chake chini ya kile cha mumewe, na mshale ukaondoka mara moja kutafuta herufi.

"Sikusukuma, mwanangu."

"Najua, Bibi. Mtu hahisi. Kimezoea mkono wako, kinaufuata hata ukiwa chini ya wake."

"Tangu lini?"

"Aprili."

Bibi alimtazama mumewe, aliyekuwa akitazama dari. "Basi hayo ya sweta nimekuwa nikijiambia mwenyewe."

Akaomba aonyeshwe neno la mwisho ambalo Mzee aliliandika kwa mkono wake. Lugano alilitafuta kwa muda. Lilikuwa la tarehe tisa Aprili: CHUMVI.

"Huyo ndiye," Bibi alisema. "Miaka arobaini na mitatu analalamikia chumvi."

Walicheka wote wawili. Lugano akaacha, Bibi akaendelea, mpaka kikawa si kicheko tena.

Lugano alipiga magoti, akamweleza Mzee anachofanya kama anavyoelezwa mtu anayesikia, akamvua kipanyapete. Akamfuta mate mdomoni kwa leso yake mwenyewe. Bibi aliuliza kama anasikia kweli. Lugano akajibu kwamba hakuna mashine iliyoweza kumwambia hilo.

Mlangoni Bibi alimwagiza amwambie atakayekipata akipashe moto ndani ya kitambaa, asikivae. Kisha akamshika mkono.

"Utakuja tena?"

"Hakuna kifaa cha kukagua tena, Bibi."

"Najua. Uje tu ukae. Umwamkie kama ulivyomwamkia leo."