Picha Mbili za Jicho la Stanislas

Kabla jua halijatoka, kijiko kiligonga kikombe nyumbani kwa Stanislas, ting, ting, polepole. Chai ile haikuwa na sukari. Daktari alimkataza sukari miaka minne iliyopita, lakini mkono wa fundi umeme huyo haukuacha kukoroga. Aliishi peke yake tangu mkewe afariki, na asubuhi sauti ya kijiko ilimpunguzia kimya.

Simu ikalia mezani. Jina la Danielle likawaka. Akaigeuza, ikalala kifudifudi.

Walikutana miezi miwili nyuma, katika kliniki ya macho hapa Likasi, siku ambayo watu walijaa hata benchi hazikutosha. Stanislas alivaa ovaroli ya buluu ya kiwandani, imepigwa pasi vizuri. Alimwachia mama mjamzito nafasi yake, akaenda kuegemea mlango. Mlango ukafunguliwa kwa ndani, nusura amwangukie muuguzi.

"Pole, papa. Unakuya kupima macho ao kuvunja mulango?"

"Minye niko fundi wa courant, mama. Mulango ikivunjika, ita muntu mwingine."

Danielle akacheka. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, uso umechoka, blauzi ya kitenge cha kijani ikichungulia ndani ya koti jeupe. Kupitia kidirisha cha mlango alikuwa amemwona Stanislas akitoa ile nafasi, na hakuisahau.

Alimkalisha mbele ya kamera, akapiga picha ya ndani ya jicho. Kamera ilikuwa ya zamani, picha ikatoka na ukungu. Lakini kompyuta ilikuwa na programu iliyofundishwa kwa maelfu ya picha za macho, mazima na magonjwa, mpaka ikajua yenyewe kuondoa ukungu na kuonyesha kwa alama nyekundu mahali pa kutilia shaka.

"Ile mashini inasoma jicho sawa daktari?"

"Inaona mingi. Lakini ikisafisha picha sana, inaweza kuonyesha kintu chenye hakiko. Kwa picha moja sisemi neno. Lazima nione kama alama zinabakia palepale. Ukuye tena, Papa Courant. Nitakungojea."

Stanislas aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Juma lililofuata alirudi kupigwa picha ya pili, akiwa na karanga za kukaanga zilizofungwa ndani ya gazeti. Baada ya hapo wakawa wanapigiana simu kila jioni, wote wawili wametoka kazini, miguu inawauma.

"Umekula, Mama Photo?"

"Nimekula. Weye?"

"Nimekula karanga zenye ulibakisha."

"Muongo. Sikubakisha hata moja."

Kisha Danielle akamwita mara ya tatu. Stanislas alivaa shati jeupe. Alipofika ukumbini, alimsikia akimwambia mzee mmoja wa Kapolowe, kwa sauti ileile: "Ukuye tena, papa. Nitakungojea."

Danielle akainua macho, akamwona; Stanislas akageuka, akatoka. Kumbe anawaambia wote hivyo, aliwaza. Nilidhani ni mapenzi, kumbe ni kazi. Siku nane hakupokea simu.

Asichojua ni kwamba alama nyekundu za picha ya kwanza zilikuwa palepale katika picha ya pili.

Asubuhi hii, simu ilipokaa kimya, mlango ukabishwa. Danielle alikuwa amesimama nje, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amekuja kwa miguu, kabla ya kazi.

"Nilisikia kijiko," alisema. "Njo nikajua uko muzima."

"Ikala, mama."

Hakukaa. "Jicho yako ya kulia inavuja damu ndani, Stani. Ni ile ugonjwa ya sukari. Ukienda Lubumbashi hii juma, batakuchoma na miali ya laser, utabakia na mwangaza. Ukingojea, itazimika."

Stanislas akasukuma kikombe kando.

"Daktari angenipigia simu. Haikufaa utembee hivi."

"Alitaka kukupigia. Nikamukatalia."

"Juu ya nini?"

"Mashini inaomba picha mbili tu. Ule muzee wa Kapolowe, mbili. Weye vilevile, mbili." Alivuta pumzi. "Mara ya tatu haikukuwa picha. Ni minye nilikuita. Nilitaka usikie kwa kinywa changu, nikushike mukono. Na weye ukakimbia."

Stanislas alinyanyuka. Akashusha kopo la sukari ya wageni. Ilikuwa imeganda kama jiwe. Akaivunja kwa kijiko, akatia vipande viwili katika kikombe kingine, akamkorogea chai.

"Siku mingi haijaona mugeni," alisema. "Naogopa, Danielle."

"Najua. Niliomba ruhusa kazini. Kesho kutwa tutaenda wote."

Alikaa sasa, mkono wake juu ya mkono wa Stanislas, mpaka chai ikaisha. Kulipokucha akainuka kwenda kazini. Alikuwa tayari njiani Stanislas alipomwita.

"Mama Photo."

"Eh?"

"Kesho ukuye tena. Nitakungojea."